Mipaka ya Vifaranga

Nataka kumweleza wifi yangu, lakini kila nikianza, meno ya Mhandisi yananijia kwanza. Bora niyatoe tumalizane nayo. Mhandisi ndiye mwenye karakana tuliyokuwa tukifanyia kazi, mimi na wifi. Alikuwa akichokonoa meno kwa vipande vya waya, vile tunavyovikata kwenye vifaa vidogo tukishachomelea. Anachokonoa, anakitazama alichokitoa, anakifuta kwenye suruali, kisha kijiwaya anakirudisha mezani kwangu kama mtu arudishaye kijiko cha wenyewe. Meza hiyo mimi naifuta kwa spiriti kila asubuhi. Kwa miaka minne nilikunywa chai nikiwa nimeipa meza mgongo, na bado nilisikia kichefuchefu.

Karakana yenyewe zamani ilikuwa ghala la ngozi, na siku za jua kali harufu ilitoka ukutani. Sinki lilijaa vikombe vilivyoota ukungu, kila mtu akisubiri mwenzake avioshe. Ndani ya uchafu huo tulitengeneza mashine za joto za watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Mtoto analazwa ndani ya kisanduku cha plastiki, na mashine inampa joto ambalo mwili wake hauwezi kujipa. Kabla ya hapo karakana ilikuwa ikitengeneza mashine za kutotolea vifaranga. Mhandisi hakupenda tuwakumbushe wateja jambo hilo.

Sasa wifi. Ni dada wa mume wangu, amemzidi miaka mitatu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, akaolewa, akaachika, akarudi nyumbani kwa baba yao, akapewa chumba cha uani, na watu wakakaa wanamsubiri azeekee humo. Hakuwapa nafasi. Alijifundisha kuandika programu akiwa na miaka thelathini na mitano, kwa kompyuta kuukuu ambayo kibodi yake ilikosa vibonye viwili, ikabidi sehemu hizo azibonyeze kwa ncha ya kalamu. Ni mwembamba, anatembea kama anayewahi kitu, na halali mpaka arudi mlangoni mara tatu kuhakikisha amefunga. Akinunua dawa anasoma ile karatasi ya ndani ya boksi mpaka mwisho, tena kwa sauti, hata kama mgonjwa ni mwingine na anachotaka ni kulala.

Utani wa mawifi aliujua mno. Nilipoolewa alinipokea mlangoni akasema, "Mke wetu, karibu. Kaka yetu tunakukabidhi akiwa mzima. Tutakuja kumkagua." Na kweli alikuja kumkagua, anamgeuza huku na huku mbele yangu, anahesabu mbavu, anasema mbili hazionekani, sijui nimezipeleka wapi. Yeye ndiye aliyenipeleka karakana. Baba yangu alikuwa fundi redio, nami nilijua kuchomelea nyaya kwa risasi kabla sijajua kusuka nywele. Wiki ya kwanza nikamwita kwa sauti kutoka chumba cha pili, "Wifi! Wifi!" Fundi seremala aliyekuwa akitengeneza masanduku ya kusafirishia akanijibu kwamba mtandao umekatika tangu asubuhi. Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Kilichomkera yeye kuliko meno ya Mhandisi ni faili moja la programu. Mimi si mwandishi wa programu. Ninachokijua alinifundisha yeye, akichora nyuma ya karatasi za vipimo. Programu zetu ziliandikwa kwa lugha iitwayo C. Alisema kwamba kabla kompyuta haijaanza kuielewa programu, hupita kwanza mtumishi mmoja, kichakataji-awali, ambaye kazi yake ni kubadilisha maneno. Unamwambia: kila ukiliona neno hili, litoe, weka lile. Neno la namna hiyo wenyewe wanaliita makro. Mtumishi huyo ni mtiifu kupita kiasi. Hajui maana ya anachokibadilisha, na haulizi. Ndiye pia anayekwenda kuchukua mafaili mengine na kuyamwaga ndani ya programu: ukimwandikia anwani ya faili, anakwenda, analibeba, analileta.

Watu wenye akili timamu huiandika anwani hiyo nzima, kila mtu akaiona. Mhandisi hakuiandika. Enzi za ujana wake alitunga faili la makro tupu. Moja inashika jina la folda kubwa, nyingine inashika aina ya mashine, nyingine jina la faili linalotakiwa, na ya mwisho inavigandisha vipande vyote pamoja na kuvitia alama za kunukuu, ndipo anwani inapatikana. Kwa hila hiyo, mstari mmoja ulitosha mashine zote, na Mhandisi alijisifu kwa mstari huo kama mtu aliyevumbua moto. Lakini ukiitafuta anwani yenyewe kompyuta nzima huioni, kwa sababu haijaandikwa popote. Inaundwa wakati programu inakusanywa, yaani inapogeuzwa kuwa lugha ya mashine, na baada ya hapo haionekani tena.

"Wifi," aliniuliza siku moja, "mtu akikuelekeza kwake kwa kukupa vipande vya karatasi uviunganishe mwenyewe, huyo anataka ufike au anataka upotee?"

"Anataka ujue kwamba ana akili," nikasema.

"Umepata mia kwa mia. Kaa chini."

Mara tatu alimwomba Mhandisi waiondoe ile hila, waandike mistari mitatu ya wazi: kama mashine ni hii, chukua faili hili, kama ni ile, chukua lile. Mara tatu alijibiwa kwamba hiyo ni kazi ya watoto wa shule. Mara ya tatu alijibiwa huku Mhandisi akiwa na kijiwaya mdomoni, na punje ya kitu ikarukia kioo cha kompyuta ya wifi. Aliifuta kwa kitambaa, akakikunja kitambaa, akakitupa.

Kulikuwa na jambo jingine. Mhandisi hakuruhusu kitu kifutwe. "Usifute, utakuja kukihitaji," ndiyo ilikuwa salamu yake. Rafu zilijaa bodi zilizoungua, na kompyuta nayo ilikuwa hivyo hivyo: mafolda ya mashine ambazo hazikutengenezwa tena, majina yake namba tupu, moja, mbili, tatu, kwa sababu enzi za vifaranga hakuona haja ya kuzipa majina. Mashine za watoto ndizo alizozipa majina ya heshima. Ya watoto njiti folda lake liliitwa njiti.

Basi tukapata kazi ya mashine kumi na mbili za watoto njiti, kwa hospitali kubwa ya mji. Zingekabidhiwa siku ya Alhamisi mbele ya wageni, kukiwa na hotuba na picha. Wiki mbili kabla, Mhandisi akapata wazo. Alitaka mashine ikiwashwa ioneshe maua kwenye kioo na maneno ya kumkaribisha mgeni rasmi. Maua! Akaketi mwenyewe kwenye kompyuta, akachora maua yake, na ili yatokee kwenye mashine za njiti peke yake, akaongeza kineno kimoja kwenye amri ya kukusanyia programu: akalitangaza jina njiti. Hakusema lina thamani gani. Akakusanya programu, maua yakatokea, akatuita wote tuje tuone. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Kazi yangu ilikuwa upimaji wa mwisho. Naweka ndani mfuko wa maji wenye uzito wa mtoto mdogo, naiwekea mashine nyuzi thelathini na sita, nasubiri saa sita, naandika. Zote kumi na mbili zilifika thelathini na sita zikatulia. Nilijivunia karatasi zangu. Seremala akaanza kuzifunga kwenye masanduku.

Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya wageni, wifi alikuja na taulo mbili. Akaomba mashine moja ifunguliwe. Akaziba kwa taulo tundu la nyuma ambalo feni hutumia kuvuta hewa.

"Unafanya nini tena?" nikamuuliza. "Hizo nimeshapima."

"Nguo huweza kudondoka hapa nyuma, wifi. Nesi amechoka, haoni. Nataka kusikia kengele."

Joto likishapita nyuzi thelathini na nane, mashine inatakiwa ikate umeme wa joto yenyewe na kupiga kengele. Hiyo ndiyo mipaka ya joto, nayo imeandikwa kwenye faili, kila aina ya mashine na faili lake. Tuliketi kwenye viti viwili tukitazama kipimajoto cha mkono ambacho wifi alikuwa amekitia ndani. Thelathini na nane. Kimya. Thelathini na nane na nusu. Kimya. Plastiki ikaanza kutoa harufu yake ya joto. Thelathini na tisa. Wifi alikuwa amesimama sasa, mkono kifuani. Kengele ililia ilipofika thelathini na tisa na nusu.

Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kompyuta yake akaiamuru imtolee programu ilivyo mara tu baada ya kupitiwa na yule mtumishi wa kubadilisha maneno, kabla ya jambo jingine lolote. Humo kila kipande huandikiwa kimetoka faili gani. Alishuka nayo mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha akaniita, akaniwekea kidole kwenye kioo. Anwani iliyotakiwa kuwa pale ilikuwa hii:

mipaka/njiti/joto.h

Iliyokuwepo ilikuwa hii:

mipaka/1/joto.h

"Ukitangaza jina bila kulipa thamani," akanieleza polepole, "lugha hii inalipa moja. Sasa njiti ni moja. Kila linapotokea neno njiti, mtumishi anaweka moja. Amekutana nalo kwenye vipande vya anwani, akaweka moja hata humo. Kama hilo folda la moja lingekuwa limefutwa, angekosa faili, angegoma, tungejua siku ile ile. Lakini hapa hakifutwi kitu. Amelikuta faili, amelichukua, amenyamaza."

"Na hilo la moja ni la nini?"

Alilifungua. Juu yake kulikuwa na maelezo ya Mhandisi mwenyewe, ya miaka kumi na moja nyuma: mashine ya mayai mia mbili.

Nilikwenda kwenye lile sinki la vikombe nikainama, na harufu yake ikamalizia kazi. Watoto wa kilo moja, tumewawekea mipaka ya mayai ya kuku, na juu yake tumechora maua.

Tuliingia wote wawili kwa Mhandisi. Wifi alimweleza kama alivyonieleza mimi, kwa upole, kama mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi ni mzito lakini si mbaya. Dawa ilikuwa rahisi: kutoa kile kineno, kukusanya programu upya, kufungua masanduku, kuitia kwenye mashine zote, na kuzipima upya. Tulikuwa na meza nne za kupimia. Kila mashine saa sita.

"Siku mbili," wifi akasema. "Jumamosi asubuhi tunazipeleka tukiwa na amani."

"Wageni ni kesho," Mhandisi akasema.

"Najua."

"Mgeni rasmi anatoka mbali."

"Najua, Mhandisi. Mtoto naye anatoka mbali."

Mhandisi akatafuta kijiwaya mfukoni, akakitia mdomoni. Akasema hizo ni nyuzi moja na nusu tu. Akasema manesi wapo, wana macho. Akasema zikabidhiwe kesho, watu wapige picha zao, halafu kimya kimya mwezi ujao tutapita na programu mpya tukisema ni huduma ya kawaida. "Funika kombe mwanaharamu apite," akasema, akacheka, akatuonesha yale meno.

Wifi alisema hatatia sahihi kwenye fomu ya ukaguzi. Bila sahihi hiyo hospitali haipokei kitu. Kisha akanigeukia mimi, na hapa ndipo nataka nieleweke, ingawa sistahili. Akanigeukia mbele ya yule mtu akasema, kwa sauti yake ya darasani, "Na wewe, mke wetu, wiki nzima ulikuwa unapima nini hasa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini uso uliniwaka. Nilikuwa nimepima nilichoelekezwa kupima. Miaka minne nilikuwa yule aliyeletwa na wifi yake, yule anayefundishwa nyuma ya karatasi, yule wa kuambiwa kaa chini umepata mia. Wifi alitoka nje kwenda kutoa kile kineno, akiamini kwamba nipo nyuma yake.

Mhandisi akanizuia kwa kidole. "Wewe baki, mama."

Hakunitisha. Ningependa kusema alinitisha. Alisema tu kwamba karakana inakua, kwamba upimaji unahitaji mkuu wake, kwamba kile chumba cha pembeni chenye dirisha kiko tupu na kina kiti cha kuegemea. Kwamba mkuu wa upimaji ndiye mwenye haki ya kutia sahihi, kwa sababu ndiye aliyepima, na waandishi wa programu kazi yao ni kuandika programu. Alisema, "Kila mara unasemewa na wifi yako. Kwani huna mdomo?" Nilijua anachokifanya. Nilimwona vizuri kabisa, kama ninavyoona uchafu kwenye meza. Akanisogezea fomu na kalamu, na kalamu hiyo ilikuwa na unyevu mwishoni, alikuwa ameitafuna. Niliifuta kwa kitambaa kabla ya kuishika. Hapo bado nilikuwa na nafasi ya kuona kinyaa kwa kalamu.

Nikatia sahihi mara kumi na mbili.

Wifi hakujua. Alishinda siku hiyo akikusanya programu sahihi, akaijaribu kwenye ile mashine moja aliyoifungua, kengele ikalia kwenye thelathini na nane kamili, akafurahi. Jioni aliniambia, "Samahani kwa maneno ya asubuhi, wifi. Nilishikwa na hofu." Nikamwambia yamekwisha. Alikwenda nyumbani akiamini kwamba Alhamisi lori halitakuja.

Lori lilikuja saa moja asubuhi, kabla ya muda wa wifi kuingia kazini. Nilisimama mlangoni nikihesabu masanduku yanavyopanda, kumi na mbili, na lile alilolifungua yeye likiwa limefungwa tena. Alipofika, uwanja ulikuwa mtupu. Nakala ya fomu ilikuwa mezani kwa Mhandisi. Aliishika kwa mikono miwili. Nilitarajia anitukane, nilishajiandaa na majibu yangu yote, kiti, dirisha, miaka minne. Alilisoma jina langu kana kwamba ni ile karatasi ya ndani ya boksi la dawa, mpaka mwisho, halafu akaiweka fomu chini. Akatoka mbio. Niliona anapanda pikipiki ya kukodi bila hata kuuliza bei.

Yaliyotokea hospitali alimsimulia mume wangu. Mimi sikuambiwa na yeye, na hata leo sijaambiwa.

Alipofika, hotuba zilikuwa zikiendelea uani chini ya turubai. Hakwenda kwenye hotuba, alikwenda wodini. Wodi ilikuwa imepambwa. Ili wageni wapate cha kupiga picha, mashine moja ilikuwa imeshawashwa, na ndani yake wamemlaza mtoto wa kike wa siku nne, kilo moja na robo. Nyuma ya mashine wametundika pazia la kitambaa cha kung'aa lililofungwa utepe, na pazia lilikuwa limenyonywa likabana kwenye tundu la feni. Kwenye kioo, mahali ambapo nesi angesoma joto, kulikuwa na maua, na Karibu Mgeni Rasmi.

Wifi aliweka kiganja kwenye plastiki. Alimfungulia nesi mkuu wa zamu kifuniko cha mashine kwa mikono yake mwenyewe, akisema, "Mtoe, dada, mtoe kwanza, nitakueleza." Nesi yule alikuwa na akili, hakuuliza wewe ni nani. Alimtoa. Mtoto alikuwa mwekundu, anahema kwa kasi, na hakuwa na nguvu ya kulia. Kipimajoto cha ndani kilisoma thelathini na tisa na kidogo. Hakukuwa na kengele. Nje watu walikuwa wakipiga makofi.

Mtoto alipona. Nalisema hili upesi kwa sababu mume wangu aliponisimulia alichelewa kulifikia, na sijui kama alifanya kwa makusudi.

Mashine zote kumi na mbili zilitiwa stoo siku hiyo hiyo. Mhandisi aliwaambia wageni kwamba mwandishi wa programu alifanya kosa na ameshachukuliwa hatua, na kweli, kabla ya saa sita mchana wifi alikuwa amefukuzwa kazi kwa simu. Karakana haikufungwa. Mashine zilirudi, tukazitia programu ile aliyoiacha yeye, tukazipima kwa siku mbili, siku mbili zile zile, zikarudishwa hospitali bila hotuba. Faili la makro lipo bado. Folda la moja lipo bado. Mwandishi mpya aliyeletwa aliuliza kama anaweza kulifuta, akaambiwa usifute, utakuja kulihitaji.

Nami ninacho chumba chenye dirisha. Dirisha linatazama mfereji wa lile sinki. Kila mashine inayotoka sasa naiziba tundu la nyuma kwa taulo, nasubiri kengele, na kila ikilia naandika, na mkono unanichukiza. Miaka minne nilikaa nikisimanga meno ya mtu. Nyani haoni kundule.

Wifi amerudi kufundisha hesabu. Yule nesi mkuu alimtafuta, na mara moja kwa mwezi anakwenda hospitali kuwafundisha manesi kuzijaribu mashine kabla ya kumlaza mtoto. Wanamheshimu sana, nasikia. Mtoto yule amepewa jina lake.

Jumapili bado anakuja kwetu kumwona kaka yake. Hajawahi kunigombeza. Utani ameuacha, hanihesabii mbavu za mtu, ananiamkia vizuri, ananiuliza habari za kazi, ananiita mama fulani kwa jina la binti yangu, kama ninavyoitwa na majirani. Namletea chai na chochote nilichopika. Anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anaweka mezani mbele yake, na mazungumzo yanaendelea mpaka chai inafanya utando juu.

Juzi binti yangu, ambaye hajui kitu, alimwambia, "Shangazi, hujagusa chai yako."

"Nimeshiba, mwanangu," wifi akasema, akampapasa kichwa.

Ni miezi kumi na minne sasa ameshiba.